Mushike Maji Katika Udongo: Namna ya Kulima Soya ya Watoto

 Labda utashangaa. Kitabu hiki ni cha afya. Sababu gani kinaleta maneno ya jembe na udongo? Soma pole pole, nawe utaona ya kuwa uji wa mutoto hauanzi jikoni. Unaanza katika shamba, siku ile unapoinua jembe mara ya kwanza.

Sisi tunaotumika katika nyumba ya watoto wagonjwa hapa Kivu tunajua sana ugonjwa wa bwaki. Miguu ya mutoto inavimba, kiisha uso. Nywele zinakuwa nyekundu na nyepesi, zinang'oka bila nguvu. Ngozi inabambuka. Mutoto anakaa kimya, hacheki, hachezi, hataki chakula. Katika vitabu vya wanganga ugonjwa huu unaitwa kwashiorkor. Jina hilo lilitoka Gold Coast, inchi inayoitwa Ghana leo. Munganga mwanamuke, Cicely Williams, aliandika habari zake mwaka wa 1933. Watu wa kule walisema ni ugonjwa wa mutoto aliyeondolewa kwa titi wakati mudogo wake anapozaliwa. Basi watu wale walikuwa wameona vizuri.

Wengine wanasema bwaki ni ulozi. Hapana, ndugu zangu. Una sababu nyingi zinazoshikamana: chakula kisicho na nguvu ya kujenga mwili, kuhara, surua, minyoo, kuachishwa titi upesi. Musipoteze siku kwa kutafuta mulozi.

HABARI YA MAMA MUMOJA

Miaka iliyopita mama mumoja alileta mutoto wake mwenye bwaki. Mutoto alitunzwa, akapona, akaanza kucheka. Siku ya kurudi kwao nilimupa mama kikombe cha mbegu za soya, nikamufundisha namna ya kupika uji. Juu ya shamba nilisema maneno machache tu: “Mama, ulime vizuri, shamba liwe safi.”

Mwezi wa sita akarudi. Mutoto ni yule yule, na miguu imevimba tena. Nikamuuliza: “Mama, soya iko wapi?” Akajibu: “Munganga, jua limeikula.” Nasema kweli, moyoni nilimufikiri kuwa muvivu.

Kiisha nikaenda kijijini kwake kufundisha, nikaomba kuona shamba. Lilikuwa safi kama kiwanja cha kanisa siku ya sikukuu. Majani yote alikuwa ameyakusanya na kuyachoma. Udongo aliugeuza mara mbili, akauponda mpaka ukawa kama unga. Lakini miche ilikuwa michache, mifupi, na maganda yake matupu. Mvua ilikuwa imekatika wakati soya ilipokuwa ikijaza maganda.

Hatua chache kutoka pale palikuwa na shamba la jirani yake, mama muzee. Huyu hakuwa na nguvu ya kugeuza udongo wote. Alikata majani kwa panga, akayaacha chini, akafungua mistari midogo tu kwa kupanda, akatandaza majani makavu ya ndizi katikati. Shamba lake halikupendeza macho. Lakini soya yake ilikuwa na maganda yaliyojaa. Mulima ni mumoja, mvua ni moja, na mbegu ni ile ile, maana aligawiwa na jirani yake.

Hapo nikakumbuka mufano wa mupanzi, tunaousoma katika Matayo 13. Mbegu ya mupanzi ilikuwa moja. Udongo ndio haukuwa mumoja. Mama yule hakuwa muvivu. Alifanya sawasawa na neno langu. Mimi nilimupa mbegu, lakini sikumufundisha udongo. Mutoto wake alipona mara ya pili, kwa neema ya Mungu. Lakini ninyi munaolala hapa usiku munajua ya kuwa si watoto wote wanaopona. Kwa hiyo ninaandika somo hili.

1. SABABU GANI TUNAPENDA SOYA?

Tupime chakula cha kujenga mwili. Katika kilo moja ya unga wa muhogo, chakula hicho hakifiki gramu 30. Katika kilo moja ya mahindi kiko karibu gramu 90. Katika maharagi makavu, karibu gramu 220. Katika soya kavu, karibu gramu 360. Tena soya ina mafuta, na mafuta yanampa mutoto nguvu. Nyama, samaki na mayai ni vizuri sana, lakini si kila nyumba inaweza kuvinunua kila juma. Soya inaweza kuota nyuma ya nyumba yako.

2. SOYA INATAKA MAJI WAKATI GANI?

Soya inaweza kuvumilia jua kidogo. Lakini kuna nyakati tatu isipovumilia.

Wakati wa kwanza ni siku za kuota. Mbegu ya soya inapaswa kunywa maji karibu nusu ya uzito wake mbele ya kuota. Mahindi yanatosheka na karibu theluthi moja. Kama udongo una maji kidogo tu, mbegu inavimba, kiisha udongo unakauka, na mbegu inakufa ndani. Unafukua, unakuta imeoza, unasema mbegu ilikuwa mbaya.

Tena soya haitoki kama mahindi, yenye ncha kama sindano. Inatoka imeinamisha shingo, inavuta kichwa chake nyuma, kama mutu anayebeba kitunga kupita mulango mudogo. Kama udongo wa juu umefanya ganda gumu, shingo inavunjika.

Wakati wa pili ni maua. Jua likiwa kali na udongo ukikauka, maua yanaanguka.

Wakati wa tatu ni kujaza maganda, na huu ni wa hatari kupita yote. Hapo muche unataka maji mengi. Yakikosa, maganda yanabaki na mbegu moja ndogo, ao yanabaki matupu.

Sasa uhesabu pamoja nami. Katika milima yetu mvua inaanza mwezi wa tisa, na jua kubwa linakuja mwezi wa sita. Ukipanda mwanzo wa mwezi wa tatu, maua yanakuja katikati ya mwezi wa ine, na maganda yanajazwa mwezi wa tano. Lakini kuna miaka mvua inakatika mapema. Hapo soya itakunywa nini? Itakunywa maji uliyoyaweka akiba katika udongo, kama uliyaweka.

3. MAJI YANAKAA WAPI?

Chukua bonge la udongo muzuri mukononi, ulivunje taratibu. Utaona chembe ndogo zimeshikamana, na katikati yake matundu. Kuna matundu makubwa, yaliyochimbwa na mizizi ya zamani na mnyoo wa udongo. Ndiyo milango ya mvua na ya hewa. Kuna matundu madogo sana. Ndiyo vyungu vinavyoshika maji. Udongo unataka yote mawili. Ukiwa na milango bila vyungu, maji yanapita na kupotea. Ukiwa na vyungu bila milango, mvua inateremuka mulima na kwenda mutoni.

Chembe hizi zinashikamana kwa gundi inayotoka katika majani yaliyooza na wadudu wadogo wa udongo. Ukichoma majani yote kila mwaka, unaondoa chakula cha wadudu wale. Ukiponda udongo mpaka uwe unga, unabomoa vyungu kwa mukono wako.

Tena angalia mizizi ya soya. Ina vifundo vidogo. Ndani yake vinakaa viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyochukua chakula cha hewa na kukipa muche. Kata kifundo kimoja kwa ukucha: kikiwa chekundu ndani, kazi inaendelea, kikiwa cheupe ao cha kijani, hakitumiki. Viumbe hivi vinataka maji na hewa. Udongo ukikauka sana, kazi yao inasimama, na muche unakuwa wa manjano.

4. NJIA TATU ZA KULIMA

Njia ya kwanza: kugeuza udongo wote na kuuacha uchi. Baba zetu walilima hivi, nasi tulifundishwa hivi shuleni. Ina faida zake. Inaua magugu, na udongo unakuwa laini siku za kwanza. Lakini kila mara unapogeuza udongo wenye maji, unainua kifuniko cha chungu juani, mvuke unatoka. Kiisha mvua kubwa inapiga udongo usio na nguo. Unga ule unaziba matundu, jua linaukausha, unakuwa ganda. Mvua ya pili haiingii tena. Inateremuka na kuchukua udongo mweusi wa juu, ulio wa mali kuliko wote. Tena jembe linalofika kina kile kile mwaka kwa mwaka linapiga sakafu ngumu chini. Muzizi ukifika pale unapinda na kutembea kando, hauendi kutafuta maji ya chini.

Njia ya pili: matuta. Katika bonde, pahali maji yanaposimama, matuta ni mazuri, maana mizizi ya soya isipopata hewa inaoza. Lakini juu ya mulima matuta yanakauka upesi, kwa sababu jua linayapiga pande zote. Ukitaka matuta mulimani, yapite kando ya mulima, yasishuke nao hata kidogo. Tuta linaloshuka ni barabara ya maji. Tena kila hatua mbili ao tatu uzibe mufereji kwa udongo kidogo, maji yasimame, yaingie.

Njia ya tatu: kulima kidogo na kufunika. Unakata majani, huyachomi. Unafungua tu mustari ao tundu la mbegu. Udongo mwingine unauacha ulivyo, na juu yake unatandaza majani makavu. Matone ya mvua yanaanguka juu ya majani, hayapigi udongo. Maji yanaingia pole pole kwa milango ya zamani. Jua haliugusi udongo, nao unabaki baridi na wenye maji siku nyingi zaidi.

Njia hii si ya kwetu tu. Katika inchi ya Brezili, jimbo la Paraná, mulimaji Herbert Bartz aliona mvua ikichukua udongo wa mashamba yake. Mwaka wa 1972 akapanda soya bila kugeuza udongo, juu ya mabaki ya mavuno yaliyopita. Watu wengi hawakumuamini. Leo sehemu kubwa ya soya ya Brezili inapandwa namna hiyo. Wale wana mashine kubwa, sisi tuna jembe na panga. Lakini mvua na udongo vinashika sheria zile zile ambazo Mungu aliziweka.

Sitawadanganya. Mwaka mvua inaponyesha vizuri, njia ya kwanza na ya tatu zinaweza kutoa mavuno karibu sawa. Tofauti inaonekana mwaka mvua inapokatika. Tena njia ya tatu ina kazi yake. Mwaka wa kwanza magugu ni mengi, yang'olewe kwa mukono. Kama udongo umekanyagwa na ngombe mpaka ukawa jiwe, ao kama una sakafu ngumu chini, ni lazima kuuvunja kwanza mara moja, kiisha kuanza kufunika. Na katika bonde lenye maji mengi usifunike sana.

5. UJARIBU KWA MACHO YAKO

Usiniamini kwa maneno tu. Siku ya tano bila mvua, saa sita ya muchana, tia kidole katika udongo uchi, kiisha katika udongo uliofunikwa na majani. Kidole chako kitakujibu.

Tena ukaushe bonge dogo la udongo wa shamba linalogeuzwa kila mwaka, na bonge la udongo wa chini ya majani mpakani. Uyatie katika glasi mbili za maji bila kutikisa. Mara nyingi bonge la kwanza linavunjika upesi na maji yanakuwa machafu. La pili linashikamana. Mvua inafanya vile vile katika shamba lako.

6. MUSIMU UNAOKUJA UFANYE HIVI

Usianze na shamba lote. Chagua sehemu ya hatua kumi kwa kumi. Nusu ulime kama zamani, nusu ulime kwa njia ya tatu.

Kata majani juma moja ao mawili mbele ya kupanda. Usichome. Kama magugu yana mizizi ya kutambaa, uing'oe na kuitupa mbali juani.

Ungoje mvua iloweshe udongo vizuri. Usilime udongo uliojaa maji mpaka unashika jembe kama mukate mubichi. Ukikauka utakuwa matofali.

Nyosha kamba kando ya mulima. Fungua mistari, sentimetre 40 kutoka mustari hata mustari. Tia mbegu sentimetre 3 ao 4 chini, si zaidi, maana shingo ya soya ni zaifu. Kutoka mbegu hata mbegu, sentimetre 5 hata 10. Funika kwa udongo laini, usikanyage sana.

Tandaza majani makavu katikati ya mistari, si juu ya mbegu. Majani ya ndizi, mabua ya mahindi, maganda ya maharagi, yote yanafaa. Musitumie nyasi zenye mbegu, maana mutapanda magugu.

Ng'oa magugu mapema, mbele soya haijafunika udongo. Gugu linakunywa maji ya mutoto wako. Ukitumia jembe, lipite juu juu tu, lisikate mizizi.

Nyuma ya mavuno, kata mashina chini, uache mizizi ndani ya udongo. Ikioza, itakuwa milango ya mvua. Musimu unaofuata panda mahindi pale.

Weka mbegu pahali pakavu na baridi. Mbegu ya soya inazeeka upesi. Usipande ya miaka miwili. Mbele ya kupanda, tia mbegu kumi katika kitambaa chenye maji. Zikiota nane ao zaidi, ni nzuri.

Na baba wa nyumba wanisikie: kazi ya kukata na kuleta majani si ya mama peke yake. Mutoto ni wa ninyi wawili.

7. SOYA ISILIWE MBICHI

Katika soya mbichi kuna kitu kinachozuia tumbo kusaga chakula. Moto unakiharibu. Tia soya katika maji yanayochemuka, iendelee kuchemuka nusu saa. Sugua, ondoa maganda, ukaushe juani, ukaange kidogo, usage. Changanya vikombe vitatu vya unga wa mahindi ao sorgo na kikombe kimoja cha soya. Mama wengi wa Kivu wanaita mchanganyiko wa mahindi, soya na sorgo masoso. Mutoto aanze uji akiwa na miezi sita, akiendelea kunyonya hata miaka miwili ao zaidi.

Lakini shika neno hili: mutoto aliyekwisha kuvimba usimutunze nyumbani kwa soya. Mwili wake ni zaifu, na chakula kizito siku za kwanza kinaweza kumuua. Mulete hospitali siku ile ile. Soya ni ya kumulinda mutoto muzima, na ya kumushika aliyepona asirudi.

MAMBO YA KUSHIKA

Usichome majani ya shamba.
Geuza udongo kidogo tu, pahali pa mbegu.
Funika udongo uliobaki.
Mistari ipite kando ya mulima.
Soya ipikwe vizuri mbele ya kusagwa.

MAULIZO YA KUFIKIRI PAMOJA

Sababu gani mashamba mawili yaliyopata mvua moja hayakutoa mavuno sawa?
Soya inateswa na ukosefu wa maji katika nyakati gani tatu?
Pahali gani matuta ni mazuri, na pahali gani ni mabaya?
Katika nyumba yenu, nani atakata majani musimu unaokuja?

Mungu alimuweka mutu wa kwanza katika shamba alilime na kulitunza. Kulima tumejua, kutunza tumesahau. Mvua haiko mukononi mwetu, tunaiomba kwa Baba. Lakini mvua ikisha kunyesha, kuishika ni kazi yetu. Ukirudi nyumbani na mutoto wako muzima, omba kikombe cha mbegu mulangoni mwa nyumba ya watoto. Safari hii uchukue pamoja nacho somo hili, umusomee na jirani yako asiyejua kusoma.